Unene si Cheo, Wembamba si Aibu

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi wanafunzi wa zamani hulichekea tukutanapo, na ninyi vijana mliopo shuleni hulifanyia mzaha bwenini. Jambo lenyewe ni uzito wa mwili. Najua wako watakaoguna na kusema, "Huyu naye amekosa la kuandika." Nawasihi wasome mpaka mwisho, kwa kuwa mzaha huo nusura unigharimu macho yangu, na nusura umharibu kijana mmoja wa ukoo wetu.

Nianze na habari zangu mwenyewe, maana asemaye ya wengine kabla ya yake huitwa mchongezi.

Mwaka 2023, asubuhi ya siku ya mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, nilifungua sanduku nikatoa mkanda wangu wa shule. Ni mkanda wa ngozi wenye matundu matano. Mwaka 1988, nilipokuwa kidato cha nne, niliufunga tundu la mwisho kabisa kwa ndani, na bado kaptura ilikuwa ikinivuka nikikimbia. Nilitaka kuwachekesha wenzangu kwa kuuvaa tena. Lo! Nilivuta nikavuta, ncha ya mkanda haikufika hata kwenye chuma chake. Nikaurudisha sandukuni, nikavaa suruali yenye mpira, nikaenda zangu.

Nilipofika langoni, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja miaka minne alinikumbatia, akanipiga tumboni kwa kiganja, akapaza sauti: "Aa, mzee! Umenenepa! Mambo yako ni mazuri!" Wote wakacheka, nami nikacheka, nikajiona mtu mbele ya watu. Nikala matoke na wali na nyama ya kuchoma, nikateremsha kwa soda mbili, nikarudi nyumbani nimeridhika na maendeleo yangu.

Haukupita mwezi nikaanza kuona kiu isiyokatika. Usiku niliamka mara nne kwenda haja ndogo. Kisha maandishi ya gazeti yakaanza kunifanyia ukungu. Nikadhani ni miwani, nikaenda kliniki. Muuguzi hakuyatazama macho kwanza. Alinipandisha kwenye mizani, akanipima urefu, akanizungushia utepe kiunoni, akanipima presha na kunitoboa kidole. Kilo 92, urefu meta 1.70, kiuno sentimita 108. Presha juu, na sukari ya damu juu zaidi. Daktari alisoma karatasi ile, akanitazama, akasema polepole: "Bwana, umenenepa."

Lilikuwa neno lile lile la rafiki yangu, lakini safari hii halikuwa salamu.

Siku ile ndipo nilipoanza kujiuliza: salamu hii ya "umenenepa" sisi tuliipata wapi, na kwa nini tunaipenda hivi?

Nadhani haikutoka katika upumbavu. Wazee wetu waliijua njaa. Waliona watoto waliovimba miguu na nywele kugeuka rangi kwa kukosa chakula cha kujenga mwili, ugonjwa ambao Daktari Cicely Williams aliufahamisha ulimwengu wa waganga katika miaka ya 1930 kwa jina la Kighana, kwashiorkor. Hapa kwetu, katika hospitali ya Mulago, ilianzishwa katika miaka ya 1960 kliniki ya lishe ya Mwanamugimu, yaani mtoto mwenye afya, ili kuwafundisha wazazi kuchanganya chakula cha shambani kwao wenyewe na kuwaokoa watoto wao. Katika nchi ya namna hiyo, mtu mwenye mwili ni mtu aliyeokoka. Kumwambia amenenepa ni kumshukuru Mungu pamoja naye.

Kisha, sisi wa rika langu tuliona jambo la pili, nalo lilikuwa la kutisha kuliko la kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Rakai na Masaka, watu walianza kukonda na kufa. Wananchi waliuita ugonjwa ule Slim kwa sababu ya kukondesha kwake, na mwaka 1985 madaktari wa Uganda pamoja na wenzao wa ng'ambo waliuandika kwa jina hilo hilo katika jarida la waganga. Baadaye ikajulikana kwamba ni UKIMWI. Sisi tulikuwa wanafunzi wakati huo. Tulirudi nyumbani likizo tukakuta viti vitupu. Mtu akipungua kilo mbili tatu kwa malaria tu, majirani walinong'ona. Basi watu walijilisha kwa hofu, na mtu mnene akatembea kifua mbele kama mwenye cheti cha hospitali.

Nasema haya ili vijana wasituone wajinga. Tuliupenda unene kwa sababu tulizika wembamba wengi mno. Walakini, nyakati hubadilika, na salamu iliyokuwa na maana jana yaweza kuwa mtego leo. Dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI zipo, na mwenye kuzitumia vizuri huishi miaka mingi na mwili wake mzima. Huwezi tena, kwa kutazama mwili, kusema huyu mzima na yule mgonjwa. Tena hukuweza hata zamani; ulidhani tu.

Na wala sisi si wa kwanza kuonywa. Daktari Hugh Trowell, Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda karibu miaka 30 kuanzia 1929, alikuta wagonjwa wa presha na kisukari na watu wanene ni wachache sana. Aliporudi kutembea mwaka 1970, aliona miji ya Afrika Mashariki ina watu wanene wengi, na kliniki kubwa za kisukari zimefunguliwa. Mambo hayo mawili, alivyoona yeye, yalizaliwa pamoja na kukua pamoja. Hiyo ilikuwa 1970, kabla mimi sijaanza shule.

Sasa nije kwa kijana niliyemtaja. Ni mtoto wa dada yangu. Shule yake si hii yetu, na sitaitaja. Alikuwa kidato cha pili, mnene kidogo, mwenye mashavu kama ya mama yake. Wenzake wakambandika jina la Gunia. Akipita kwenye mstari wa chakula, mtu huita, "Gunia lisijae, litapasuka!" na mstari mzima hucheka. Nadhani hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya. Kijana hakulia wala kushtaki. Alichofanya ni kuacha kula. Asubuhi alimpa jirani yake uji, mchana alimwaga posho na maharagwe, jioni alikunywa maji akalala. Akaenda hivyo siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu akaanguka mstarini asubuhi, akapasua paji la uso juu ya saruji.

Nilipokwenda kumtazama alikuwa amefungwa kitambaa kichwani. Nikamwuliza, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?" Akanijibu, "Mjomba, wewe wanakuita mzee kwa tumbo lako. Mimi kwa langu wananiita Gunia. Ningekuambia nini?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta jibu hilo tangu siku ile, na barua hii ndiyo jibu lenyewe. Maoni yangu ni haya: mwili wa mtu si cheo chake wala si aibu yake, na wala si tangazo la mfuko wake. Ni kitu cha kupimwa kwa vipimo, na kutunzwa kwa chakula na kazi. Tuache kuusifu na kuuzomea, tujifunze kuupima na kuutunza.

Tuanze na kupima, maana shule ni mahali pa hesabu. Chukua uzito wako kwa kilo. Chukua urefu wako kwa meta, uuzidishe kwa wenyewe. Gawanya hesabu ya kwanza kwa ya pili. Mimi nilikuwa kilo 92, na 1.70 mara 1.70 ni 2.89. Ukigawanya utapata karibu 32. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani lasema hivi: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 mpaka 24.9 ni uzito unaofaa. 25 na kuendelea ni uzito uliozidi. 30 na kuendelea ni unene wa kudhuru. Basi mimi, niliyepigiwa makofi langoni, nilikuwa nimekwisha kupita mpaka wa mwisho.

Walakini kipimo hiki nacho kina mipaka yake, na mwanafunzi mwema huuliza kila hesabu imetoka wapi. Aliyekibuni katika miaka ya 1830 ni Mbelgiji, Adolphe Quetelet, aliyekuwa mtaalamu wa nyota na takwimu, si mganga. Yeye alikuwa akitafuta umbo la wastani la watu wengi, hakuwa akimtibu mgonjwa. Jina kinachojulikana kwalo leo kilipewa na Mmarekani Ancel Keys mwaka 1972. Mizani haijui kutenganisha msuli na mafuta. Mchezaji wa raga aliyejengeka aweza kupata 27 na asiwe na kasoro, na karani mwembamba wa mikono na miguu aweza kupata 24 huku mafuta yamemzunguka maini na matumbo. Kwa hiyo waganga huongeza utepe wa kiunoni. Kwa mwanamume, sentimita 94 ni mahali pa kuanza kujihadhari; kwa mwanamke, sentimita 80. Na kama huna karatasi ya kukumbukia, shika hili: kiuno chako kisizidi nusu ya urefu wako. Urefu wangu ni sentimita 170, nusu yake 85. Kiuno changu kilikuwa 108. Mkanda wangu wa shule ulijua hayo kabla ya daktari.

Na ninyi vijana sikilizeni vizuri hapa: hesabu ile niliyoitaja ni ya watu wazima. Ninyi bado mnakua. Yuko anayerefuka kwa mwaka mmoja kama mgomba, na yuko anayenenepa kwanza ndipo arefuke. Kwa umri wa miaka 5 mpaka 19 kuna chati maalumu, za wavulana mbali na za wasichana mbali, zinazolinganisha na umri. Muuguzi anazijua. Basi asijihukumu mtu kwa kalamu ya risasi bwenini, na asiache chakula. Mwili unaokua ukinyimwa chakula haupunguzi mafuta tu. Huacha pia kujenga mifupa, misuli na damu, na kichwa hakishiki somo.

Baada ya kupima, kazi. Nataka kuwapa habari ya mabasi ya London, kwa sababu tangu niisome sijaisahau. Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na kondakta walikuwa katika basi moja, wanapata hewa moja, na wametoka mitaa inayofanana. Tofauti yao ni kwamba dereva amekaa kutwa, na kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa akikata tikiti. Waliona kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Mwaka 1956 wakafanya jambo la kuchekesha lenye akili: wakatazama vipimo vya suruali za kazi walizopewa watu hao. Viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta!

Mtu mwerevu atasema, "Kumbe jawabu ni kiuno, si ngazi." Morris naye alijiuliza hivyo. Lakini uchunguzi wao ulipoendelea, ilionekana kwamba kondakta alikuwa na nafuu kuliko dereva hata wakilinganishwa wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene. Basi fundisho ni mawili. Kwanza, kukaa kutwa ni hatari. Pili, na hili liwafariji walio wanene, mwendo humfaa mtu hata kama mizani haijashuka. Usiache kutembea eti kwa sababu baada ya mwezi bado una kilo zile zile.

Sisi Waganda wa leo tulijivuna sana mwaka 2018 uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliposema kwamba nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watu wachache kabisa wasiojishughulisha kwa mwili. Ni kama watu 6 tu katika 100. Vyema. Lakini tuulizane, nani aliyetupatia sifa hiyo? Ni mama anayelima tangu alfajiri na kupanda kilima na dumu la maji kichwani. Ni kijana wa matofali, na mvuvi wa Ziwa Victoria. Si mimi niliyepanda bodaboda kutoka ofisini mpaka dukani, mwendo wa dakika nane kwa miguu. Sisi tuliosoma tulitoka katika jembe tukaingia katika kiti, lakini tukaendelea kula sahani ya mwenye jembe. Nilipokuwa mtoto nilitembea karibu kilomita 7 kwenda shule ya msingi na 7 kurudi, nikala viazi mlima mzima nisione tumbo. Leo nikila hivyo vinakwenda wapi?

Juu ya chakula sitasema mengi, kwa sababu maneno ya chakula yamekuwa biashara ya watu. Wako wanaouza majani na vidonge vya kukondesha, na wako wanaouza unga wa kunenepesha misuli. Wote wanakula pesa zenu. Mimi nasema chakula cha shule chenyewe si kibaya kama tulivyokilaani. Posho na maharagwe, pamoja, humpa mwili nguvu na vitu vya kujengea, na nyuzinyuzi za maharagwe hushibisha. Kilichopungua ni mboga za majani na matunda. Mchicha, sukuma wiki, papai na machungwa si vyakula vya kigeni, vinaota nyuma ya jiko.

Adui mkubwa wangu mimi hakuwa katika sahani, alikuwa katika chupa. Soda moja ya mililita 300 ina karibu vijiko 8 vya chai vya sukari. Nani katika ninyi angetia vijiko 8 katika kikombe kimoja mbele ya mama yake? Mimi nilikunywa mbili kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tano, na chai yenye vijiko vinne juu yake, na nilijihesabu mtu asiye na anasa kwa kuwa sinywi pombe. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilijaa.

Najua nitapingwa, nami nitajibu mapema.

Wengine watasema: "Wewe unalia shibe. Watoto wengi wa nchi hii wanalia njaa." Ni kweli, na sikatai. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba wanawake 24 katika 100, na wanaume 9 katika 100, walikuwa na uzito uliozidi. Mambo hayo mawili yanakaa katika wilaya moja, pengine katika nyumba moja. Ndiyo sababu nasema tupime. Asiyepima humpa soda mtoto aliyedumaa akidhani anamnenepesha, na humwongezea wali baba mwenye kisukari akidhani anamheshimu.

Wengine watasema: "Unene ni wa ukoo wetu, hauna dawa." Ukweli umo. Watu hawazaliwi sawa. Wawili hula sahani moja, mmoja akanenepa na mwingine asinenepe. Kwa sababu hiyo hiyo si haki kumcheka mtu. Lakini ukoo hukupa mahali pa kuanzia tu, haukufungi miguu. Hatushindani na jirani bali kila mtu anashindana na mwili wake wa mwaka jana.

Na wengine, hasa wa rika langu, watasema: "Tumezeeka, tumechelewa." Nami nawajibu kwa mwili wangu. Daktari alinipa dawa, na naendelea kuimeza mpaka leo. Mtu asiache dawa yake kwa kusoma barua hii. Aliniambia pia nisiote ndoto za kurudi kilo za ujana, kwamba hata kupungua sehemu 5 mpaka 10 katika 100 ya uzito hunufaisha presha na sukari. Basi nikaacha soda. Nikapunguza wali na posho, nikaongeza mboga. Nikashuka teksi vituo viwili kabla ya ofisi kila siku. Kwa mwaka mmoja nimetoka kilo 92 hadi 84. Hesabu yangu sasa ni 29. Bado mimi ni mtu wa uzito uliozidi, lakini sukari imeshuka, ukungu wa macho umeondoka, na usiku nalala.

Basi, ili maneno yasiishie hewani, natoa mashauri haya manne.

Kwanza, wanafunzi: kuanzia muhula huu acheni majina ya mwili. Gunia, Fito, Pipa, Mifupa, yote yafe. Mcheke mtu kwa Kiswahili chake kibovu kama ni lazima, maana hicho aweza kukisahihisha kesho asubuhi.

Pili, muuguzi wa shule ampime kila mwanafunzi uzito na urefu mara moja kila muhula, kwa faragha, na karatasi asome mwenyewe tu na mzazi wake. Isibandikwe ubaoni kamwe. Aliyepungua na aliyezidi wote waitwe kwa upole.

Tatu, michezo iwe ya wote. Siku hizi wanacheza kumi na mmoja, na mia tano wamesimama wanapiga makofi. Shirika la Afya Duniani lasema kijana apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Asiyejua mpira akimbie, asiyeweza kukimbia atembee, apalilie bustani ya mboga ya shule. Mchezo ni haki ya mwili, si tuzo ya hodari.

Nne, sisi wanafunzi wa zamani. Kila mwaka tunaleta kreti za soda kwa fahari, na watoto hutushangilia. Napendekeza mwaka huu fedha hizo zinunue mizani mbili nzuri, vipimo vya urefu, na mipira thelathini. Watu wazima tunapaswa kupata angalau dakika 150 za mwendo kila wiki. Tuzianze siku hiyo hiyo kwa kuacha magari yetu barabarani na kutembea kupanda kilima cha shule, kama tulivyopanda na masanduku kichwani siku ya kwanza.

Namalizia kwa kisa kimoja. Mwezi uliopita nilikutana mjini na yule rafiki yangu wa dawati. Alinitazama mara mbili, uso ukabadilika, akanivuta kando ya barabara akanong'ona: "Ndugu yangu, pole sana. Unaumwa nini?" Nilimwona machozi yanamlenga. Alikuwa amewazika kaka zake wawili miaka ile, nami nilijua anachokumbuka. Nikamshika mkono nikamwambia, "Siumwi. Nilikuwa naumwa siku ile uliponipongeza." Tukaketi mgahawani tukanywa maji, nikamweleza yote. Kesho yake alikwenda kupimwa. Aliyoambiwa huko ni siri yake, lakini sasa hushuka teksi kituo kimoja na mimi, tukatembea pamoja.

Tukionana siku ya mkutano, usinipige tumboni. Niulize, "Habari za mwili? Umepima?" Nami nitakujibu kwa hesabu. Mkanda wangu nitakuja nao. Nimekwisha fika tundu la kwanza.

Mimi wenu katika shule moja,
Mwanafunzi wa Zamani